Piano ya Kitambaa

Jumamosi iliyopita nilimsikia mama yangu akisema ndani ya nyumba yangu, na mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yangu wa miaka minane alikuwa mbele ya kinanda chake cha umeme, anarudia mstari uleule wa wimbo aliopewa na mwalimu wake, na kwa mara ya nne akaukosea palepale. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele. Kabla sijajijua nimeshasimama nyuma yake, ungo mkononi, nauliza, "Vidole vyako vina nini leo?" Mtoto akageuka akanitazama. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha hapa Johannesburg kwamba vidole ni vilevile vya jana. Nikarudi jikoni, nikakaa, maana yale hayakuwa maneno yangu. Nilidhani nimeyaacha Berea, mtaa wa utoto wangu hapa Johannesburg, zamani sana.

Basi mchele ule ulichelewa kupikwa. Nilipanda juu ya stuli nikateremsha sanduku la mama lililokuwa juu ya kabati tangu msiba. Chini kabisa, chini ya vitenge na kitabu chake cha nyimbo za kanisa, nikazikuta zote mbili, zimekunjwa na kupigwa pasi: piano zetu. Moja imechakaa mpaka nyuzi zinaning'inia. Nyingine ni kama imetoka kushonwa juzi.

Najua unajiuliza piano inakunjwaje. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu.

Tulikaa Berea, ghorofa ya nne, katika fleti ya vyumba viwili iliyogawanywa kwa mapazia mpaka ikatosha familia nne. Kama uliwahi kupanga huko unaijua hali yenyewe: choo cha foleni, jiko la foleni, na siri za kila mtu ni za wote. Sisi tulikuwa watatu, mama, kaka yangu na mimi. Tulitoka Bukavu, kule Kongo, nikiwa mdogo kiasi kwamba ninachokumbuka ni mvua tu. Mama alikuwa fundi cherehani, akaing'ang'ania ile kona yetu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na dirisha, na macho yake yalitaka mwanga. Nyuma ya pazia letu alilala jirani mlinzi, Mrundi, ambaye alilinda usiku na kulala mchana. Kwa hiyo sisi tulikua kwa kunong'ona. Hata sombe, yaani kisamvu, hatukuitwanga. Tuliisaga kwa kile kimashine cha mkono cha kusagia nyama, kaka anazungusha, mimi nasukuma majani, kwa sababu kinu kingemwamsha mlinzi na jengo zima. Mpaka leo nikisikia harufu ya sombe na ndagala, dagaa wa kwetu, mikono yangu inatafuta kile kimashine.

Asubuhi za Juni zilikuwa za baridi kali. Mama aliwasha pasi mapema hata kama hakuna nguo ya kupiga, tuishike kwa zamu kupitia kitambaa, tupashe vidole. Chini barabarani teksi zilipiga honi, na mama mmoja wa Kizulu alikaanga magwinya, yale maandazi yao yasiyo na iliki, harufu ikapanda mpaka kwetu. Kazi ya kaka ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Yangu ilikuwa kupanga mabaki ya vitambaa kwa rangi.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa subira. Alituambia mvumilivu hula mbivu huku anafunua sufuria ya maharage kila dakika mbili kuona kama yameiva. Akisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, na nyekundu ikakawia, aliisemesha. Lakini alikuwa na kiu moja aliyoivumilia miaka mingi. Bukavu aliimba kwaya, akisimama karibu kabisa na kinanda cha kanisa, karibu kiasi cha kuona vumbi kati ya meno yake. Meno ndiyo jina tuliloviita vile vibonyezo, vyeupe na vyeusi. Hakuna aliyemruhusu kukigusa hata siku moja. Akaapa kwamba watoto wake watagusa.

Njia ikafunguka kwa sketi. Katika jengo la mkabala na letu aliishi mwalimu mstaafu wa muziki, bibi wa Kizulu, mtaa wote ukimwita Gogo, yaani bibi. Alikuja sketi yake ipanuliwe kiunoni, akataja kwamba ana piano. Mama akaacha cherehani ikiwa katikati ya mshono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wakakubaliana kwa ishara, kwa Kizulu kibovu cha mama, na kwa ukalimani wangu: mama atamshonea, yeye atatufundisha, nusu saa kwa kila mtoto, kila Jumamosi asubuhi.

Sasa, nusu saa kwa wiki haimfundishi mtu. Mwalimu alisema lazima tufanye mazoezi nyumbani kila siku, na nyumbani hatukuwa na piano, wala hapakuwa na mahali pa kuiweka, na hata ingekuwepo mlinzi angeitupa dirishani. Mama alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akapanda kwa mwalimu na tepu yake shingoni, akapima jino moja jeupe na moja jeusi, akarudi kukata.

Aliishona kwa satini nyeupe iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi. Meno meusi alitumia mahameli ya koti la mtu, akayajaza pamba yainuke, kidole kiyahisi. Chini akaweka kitambaa kigumu cha godoro. Ilikuwa na meno meupe kumi na tano, kutoka do mpaka do na tena mpaka do, na tulipoitandaza juu ya meza yake ya kukatia, majirani walisogeza mapazia kuja kuona. Hata mlinzi aliamka.

Haikuwa na sauti, bila shaka. Sauti ilikuwa mama. Sisi tulibonyeza, yeye kwenye cherehani alitazama vidole kwa jicho la pembeni akaimba kila noti tuliyoigusa, taratibu, chini chini, mguu wake haukatishi kukanyaga. Ukigusa mi, alikupa mi. Ukikosea, aliliimba kosa lako vilevile, kisha akaacha kuimba. Kuna siku mteja alibisha hodi, mama akaukatisha wimbo katikati, na baada ya kitambo tukasikia nyuma ya pazia sauti ya mlinzi: "Mama, malizia basi, usingizi umeshakwisha." Kaka alicheka mpaka akapiga chafya.

Kaka ndiye aliyeanza. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyekuwa na kipaji. Nasema hivi sasa nikiwa mtu mzima na najua ninachosema. Juu ya kitambaa alikwenda bila kuangalia. Lakini Jumamosi, mbele ya piano ya kweli, vidole vyake vilipitiliza. Alitaka sol, akagusa kati ya sol na la. Alitaka do ya juu, akaangukia re. Mwalimu alisema kwa upole kwamba mtoto hafanyi mazoezi, na mimi, mkalimani, nikayafikisha vilevile. Mama aliona aibu. Alijua mazoezi yanafanyika, aliyaimba yeye mwenyewe, kwa hiyo akahitimisha kwamba mtoto anafanya makusudi. Ndipo maneno yale yalipoanza. "Vidole yako iko na nini leo?" Akipiga meza kwa rula ya mbao. "Rudia. Anza tena. Tena." Kadiri kaka alivyofanya bidii nyumbani ndivyo alivyoharibu kule, na kadiri alivyoharibu ndivyo rula ilivyolia.

Mwezi wa pili wa masomo mama alimwambia, tukishuka ngazi za mwalimu, kwamba mikono yake ni ya kuchunga mbuzi. Kaka hakulia. Tulipofika nyumbani aliikunja piano vizuri, pembe juu ya pembe kama mama alivyotufundisha kukunja nguo za wateja, akamkabidhi. Jumamosi iliyofuata alishuka kucheza mpira kwenye maegesho ya jengo, akaendelea kushuka kila Jumamosi. Mama alisema mengi dirishani. Halafu akanigeukia mimi.

Nilikuwa na miaka tisa, na nitakuambia ukweli: niliogopa. Nilipenda piano ile ya kitambaa kuliko kitu chochote. Nilipenda kugusa na kusikia mama anaitika. Lakini nilikuwa nimeyaona ya kaka, na nilijua nami nikiharibu kule kwa mwalimu nitaishia kwenye maegesho, na wimbo utakwisha nyumbani kwetu. Na kweli nikaharibu. Vilevile kabisa, sol na la, do na re. Nikasikia maneno yaleyale, na rula ileile. Usiku niliminya vidole vyangu kuona kama vina ugonjwa.

Ilipofika Oktoba mwalimu alimwita mama. Alisema, akiwa ameushika mkono wangu, kwamba sikio langu halisikii vizuri kinachofanywa na vidole, na kwamba si dhambi, watoto wengine ni wa kuimba na wengine ni wa mambo mengine, ila ni afadhali tuache. Nikageuka kumtafsiria mama. Nikasema, "Mwalimu anasema nipumzike kidogo." Mama akanitazama. Kumbe Kizulu cha wateja kilikuwa kimemwingia kuliko nilivyodhani.

"Hapana kupumzika," alisema. "Enda uilete ile piano."

Nilikimbia. Nilivuka barabara na kupanda na kushuka ngazi zile nikiwa na piano kwapani, maana lifti ilikufa kabla hatujahamia. Mama aliitandaza juu ya meza ya chakula ya mwalimu, akaninyooshea kidole nianze. Nikacheza, na mama akaimba, safari hii kwa sauti yake yote, kwa sababu pale hapakuwa na mlinzi aliyelala. Sikukosea hata jino moja. Mwalimu alisogea, akainama, akatazama mikono yangu mpaka mwisho. Alikiinua kitambaa kwa ncha mbili akaenda kukilaza juu ya piano yake, do juu ya do, upande wa kushoto.

Re ya kitambaa ilianza mbele kidogo ya re ya piano. Mi ikasogea zaidi. Tulipofika sol mstari ulikuwa unapita katikati, do ya pili imekaa karibu yote juu ya re, na ile ya mwisho kabisa ilikuwa imehama karibu meno mawili.

Mama alivua tepu shingoni. Akapima jino la piano, akapima jino la kitambaa. Milimita tatu. Akarudia kupima, ingawa sijawahi kumwona akirudia. Kisha akakaa kwenye kile kiti cha piano, kiti ambacho hakuwahi kukikalia.

Alikuwa amepima sawasawa. Kipimo hakikuwa na kosa. Ila mkono wa mama haukuwahi, tangu ajue kushika mkasi, kukata kitu cha mtoto kwa kipimo chake. Sare zetu za shule zilitufikia viganjani mwaka wa kwanza na kututosha mwaka wa tatu. Masweta, sketi, hata mashuka. Kitu cha mtoto huachiwa nafasi, kwa sababu mtoto anakua na kitambaa hakipatikani kila siku. Mkasi ulipogusa satini, ulifanya ulichozoea.

Akasema, akitazama sakafu, "Niliwaachia nafasi ya kukomea."

Huko kwetu kukomea ni kukua. Mwalimu akaniuliza mama anasema nini, nami safari hii nikatafsiri yote. Bibi yule alicheka mpaka akashika ukingo wa piano, machozi yanamtoka, akamkumbatia mama na kusema eish, mama, piano haikui. Mama hakucheka. Nilidhani anaona aibu ya kazi, kama siku alipokosea mkono wa koti la mchungaji. Nilikuwa mtoto. Sikujua anamfikiria nani.

Tuliposhuka hakupanda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye maegesho, katikati ya mchezo, na viatu vyake vya nyumbani na tepu shingoni, na watoto wote wakasimama kwa sababu mama yetu akishuka mwenyewe ujue kuna mtu ana kesi. Kaka alishika mpira kifuani akisubiri. Mama alisema mbele yao wote.

"Mutoto yangu, ile piano niliikata mubaya. Vidole yako haikukuwa na kosa. Kosa ilikuwa ya mama. Unisamehe."

Wewe unayesoma unajua mama zetu. Unajua ni wangapi wamewahi kumwomba radhi mtoto, tena hadharani. Kaka alitazama viatu vyake. Akasema, "Sharp, Mama," yaani sawa, kwa lugha ya mtaani. Kisha akauliza kama anaweza kuendelea na mpira. Mama alitikisa kichwa kukubali, akaongeza tu, "Yako nitakuwekea. Siku utaitaka, utaikuta."

Mimi alinishonea nyingine. Safari hii hakuamini mkono wake. Alikata jino, akapanda nalo kwa mwalimu, akalipachika pini juu ya piano kama anavyomjaribishia mteja gauni, akarudi kushona, akapanda tena na linalofuata. Ilimchukua wiki tatu, yeye aliyekuwa akimaliza suti kwa siku mbili. Na mimi vidole vyangu vilikuwa vimeiamini ile ya kwanza kwa miezi, kwa hiyo nilizidi kukosea hata baada ya hapo, sasa juu ya kitambaa chenyewe. Hapo ndipo alipobuni dawa yake. Nikikosea, aliacha kuimba, akachukua pini kwenye mto wake wa pini akaibana kwa midomo. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kugomba. Anangoja. Mimi natafuta njia yangu, narudi, naipata, ndipo anaitoa na kuendelea na wimbo. Kuna siku nilimhesabia pini sita kwa pamoja, macho yamemtoka, mashavu yamevimba, lakini alingoja. Rula ile alipimia pindo mpaka mwisho, sikuisikia tena juu ya meza.

Sikuwa mpiga piano mkubwa, usije ukanitafuta. Nilipiga kanisani miaka mingi, na siku ya kwanza mama alikuja kusimama karibu kiasi cha kuona vumbi. Kaka hakurudi. Ile pana mama aliitoa sandukuni kila Krismasi, akaipiga pasi, akairudisha. Hakumwambia kitu. Hakumtupia neno, hakumtania, hata alipokuja na mke wake, hata alipokuja na watoto. Mtu asiyeweza kungoja maharage yaive alingoja miaka ishirini na kitu, na sidhani kaka aliwahi kujua.

Siku hizi napita Berea nikiwa na sababu tu. Jengo letu madirisha yake yamezibwa kwa matofali, pamoja na lile la mwanga. Mwalimu alitangulia mbele ya haki, piano yake sijui ilishukaje ngazi zile. Mlinzi tulipoteana naye. Nina picha nyingi za mama, nyingine za harusi yangu, amependeza. Sauti sina. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuinasa, na simu tunazo mikononi mchana kutwa.

Juzi Jumapili kaka alikuja kula, kama kawaida yake akirudi kutoka safari za lori. Zile piano mbili zilikuwa bado mezani. Nilikuwa sijapata moyo wa kuzirudisha. Binti yangu alimwonyesha mjomba wake kwa majivuno, akimweleza kwa Kiingereza kwamba hii ni ya mama na hii nyingine haina mwenyewe. Kaka akavuta kiti. Nikamwambia ina mwenyewe. Nikamwambia habari za pasi ya kila Krismasi.

Alinyanyuka akaenda kwenye bomba. Kisha akanawa mikono, akaifuta kwenye suruali, na akaweka juu ya satini ile mikono yake mikubwa ya dereva. Kidole kwa jino. Jino kwa kidole.

"Inanienea," alisema.

Akabonyeza do. Akainua macho akanitazama, na nikaelewa anasubiri nini. Sauti yangu si ya mama, haikaribii, lakini nikampa do yake. Akabonyeza re, nikampa. Ulikuwa ule wimbo mfupi wa kwanza kabisa wa mwalimu, ambao mimi nilishausahau na yeye hakuusahau. Binti yangu alisimama katikati yetu mdomo wazi.

Noti ya tano kaka aliikosea. Nikanyamaza, nikabana midomo, nikamngoja arudi mwenyewe.